Riwaya yangu ya kwanza imetoka: hongera zimejaa simu, wanunuzi siwaoni

#1 MwanaChumbageni

Wakuu salaam.

Nimetoa riwaya yangu ya kwanza. Inahusu ukoo wa manamba, wale vibarua wa mkataba, kwenye shamba la mkonge. Babu kaja kutoka Songea miaka ya hamsini kwa mkataba, mkataba ukaisha, kwao hakurudi, na wajukuu leo wako hapa hapa Tanga wakiulizwa kwenu wapi wanajiumauma. Nimechapa nakala 300 kwa hela yangu mwenyewe. Bei elfu kumi na mbili.

Tangu niliporusha picha ya jalada kwenye magrupu, hongera hazijakatika. Grupu la shule, la mtaa, la msikiti, la ukoo. "Mashallah." "Umetutoa kimasomaso." "Mtoto wa Tanga huyo!" Nikiweka namba ya kulipia, kimya. Na hao hao juzi wamechanga laki laki kwenye harusi ya mtu ambaye hata jina la baba yake hawalijui. Binamu yangu kaja nyumbani, kakaribishwa chai, kamaliza, kachukua nakala iliyokuwa mezani, "hii ndo yangu eeh?", huyoo.

Dai langu: watu wetu hela wanayo na kusoma wanasoma. Wasichokiweza ni kumlipa mtu wanayemjua. Nipingeni kwa hoja.

#2 KibaoKata

Nakupinga asubuhi na mapema. Hawasomi. Ukitaka kumficha Mswahili jambo liandike kitabuni. Uzi ufungwe.

#3 MzeeWaRaskazoni

Binamu hana kosa. Kitu kilichowekwa mezani pamoja na chai ni sehemu ya chai.

#4 BintiPangani

KibaoKata huo msemo umechakaa. Mimi naandika hadithi za WhatsApp. Nikichelewa kurusha sehemu inayofuata, saa saba usiku natumiwa ujumbe wa matusi na watu wazima wenye ndevu zao. Hao hawasomi? Na wanalipa, elfu moja kuingia kwenye grupu, elfu moja nyingine hadithi ikifika patamu. Mwisho wa hadithi mtu kalipa zaidi ya bei ya riwaya ya MwanaChumbageni na hajalalamika. Ila ungemwomba zote kwa mkupuo angekwambia mwezi mbaya.

Kwa hiyo kaka, mimi sioni kwamba tatizo ni kujuana. Ni namna hela inavyotoka mfukoni.

#5 KibaoKata

Na PDF je? Hadithi zako si zinasambazwa bure baada ya siku mbili?

#6 BintiPangani

Siku mbili? Wewe una imani. Jioni hiyo hiyo. Nimewahi kuuziwa hadithi yangu mwenyewe, jina langu limefutwa.

#7 FundiJalada

Niko kwenye uchapaji hapa Ngamiani, waandishi wa mara ya kwanza ndio wateja wangu. Naomba niseme la upande wa mashine maana watu mnajadili bei bila kujua inakotoka.

Mtu anakuja na flashi, anataka nakala hamsini "nione upepo". Hizo zinapigwa dijitali, na bei ya nakala moja haitikisiki. Ukienda ofseti, gharama nzito ni sahani, yale mabamba ya kuchapia, na kuitayarisha mashine, na hiyo unailipa ile ile uchape 100 au 1,000. Anayechapa elfu moja kila nakala inamjia nafuu, lakini anakwenda kulala na maboksi chumbani. Anayechapa chache anaamka na bei ambayo binamu hailipi. Sijaona aliyekwepa yote mawili.

Halafu kurasa. Ofseti tunakunja kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16. Kitabu cha kurasa 208 ni mafungu 13 kamili. Mwandishi mpya analeta 210, na hizo mbili za ziada ni shukrani kwa kila mtu aliyewahi kumsalimia. Nikimwambia punguza, ananiambia shangazi atanuna. Basi lipia karatasi ya shangazi.

La mwisho ni unyevu wetu huu wa bahari. Jalada la laminesheni linainuka pembe kama maboksi yako sakafuni. Yapandishe juu ya mbao, acha nafasi ukutani. Nimeona mtu kafungua boksi msimu wa masika, kurasa za pembeni zimeshikana, akaja kwangu kulaumu gundi.

#8 MwanaChumbageni

FundiJalada shukrani. Yangu ina kurasa 212. Usiniulize kwa nini.

#9 FundiJalada

Shangazi wangapi?

#10 MuuzaDaftari

Nina duka la vifaa vya shule na vitabu, eneo silitaji. Kila mwandishi mpya akija anataka kuacha vitabu kwa mali kauli. Nakubali, kwa moyo. Nikimwambia duka linachukua asilimia thelathini ananitazama kama jambazi. Jamani, daftari nikilileta Januari linaondoka Januari. Riwaya inakaa kwenye kabati la kioo mpaka jua linachubua herufi, na kila Ijumaa mwenyewe anapita "kuangalia hali". Kuna mmoja alikuwa anavisogeza vyake mbele, vya mwenzake anavirudisha nyuma. Nikamkuta.

Wateja wanaouliza kitabu kwa jina dukani kwangu ni wazazi wenye orodha ya shule. Basi. Hilo ndilo soko, mengine ni mapenzi.

#11 MwalimuWaDuga

MuuzaDaftari kasema kweli, lakini hiyo orodha haiingiliki kirahisi. Kitabu kiingie shuleni kama kiada au ziada kinahitaji ithibati kupitia Taasisi ya Elimu, na wewe uliyechapa mwenyewe bila mhariri utakwama hapo hapo mlangoni.

Njia nyingine ni tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na hiyo hiyo Taasisi, ilianza kutolewa 2023. Mshindi wa kwanza wa riwaya shilingi milioni 10, na uzuri wake kazi inachapwa na kupelekwa shuleni. Kuna ile iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea hata miswada ambayo haijachapwa. Washindi wa mwanzo walitangazwa 2015. MwanaChumbageni ungeulizia kabla ya kukimbilia kwa fundi.

Na tusisahau, mji huu una Shaaban Robert. Mtu aliishi kwa kalamu yake hapa hapa, watu wakanunua. Kwa nini leo tushindwe?

#12 KaraniMstaafu

Mwalimu, hapo kwenye "aliishi kwa kalamu yake" pana tatizo. Marehemu alizaliwa Vibambani, 1909, na tangu 1926 alikuwa karani wa forodha, baadaye ofisi nyingine za serikali. Mshahara ulikuwa wa ukarani. Kuandika kulifanyika pembeni ya kazi. Kufariki kafariki 1962, na riwaya yake ya Kufikirika ikatoka 1967. Mwenyewe hakuishika. Ukitaka kujua alivyohangaika na mambo ya kuchapwa, zipo barua zake kwa mdogo wake Yusuf Ulenge, zilikusanywa kitabuni. Zisome kabla ya kumtolea vijana mfano.

Kuhusu tuzo, sina neno.

#13 KibaoKata

Kwa hiyo tuzo ni bahati nasibu yenye dibaji.

#14 MwalimuWaDuga

Asante mzee KaraniMstaafu. KibaoKata wewe andika kwanza hata insha.

#15 SaidiaNiibiwe

Samahani nachomekea. Nina mswada wa riwaya, nimeogopa kuutuma kwa mchapishaji asije akaiba wazo langu. Nimeambiwa nisipoandikisha COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, sina haki yoyote. Kweli?

#16 MwalimuWaDuga

Si kweli. Haki miliki inazaliwa pale ulipoiandika kazi. Kuandikisha kunakusaidia kwenye ushahidi mkigombana, kwa hiyo andikisha, lakini usidhani bila karatasi ile huna chako. Sheria ya 1999 inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Inacholinda ni ulivyoandika. Wazo halilindwi. Kijana wa Handeni anapenda binti wa tajiri, hilo la wote.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, ni kitu kingine, hiyo unaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba, na haina uhusiano na wizi.

#17 SaidiaNiibiwe

Umejuaje ni binti wa tajiri?

#18 MzeeWaRaskazoni

😂😂😂 Nimemwaga kahawa.

#19 MamaKijumbe

Narudi kwenye hoja ya hela. Mume wangu alitoa diwani yake ya mashairi. Akashauriwa bila uzinduzi kitabu hakiendi. Ukumbi, spika, MC, pilau na soda. Mgeni rasmi akasimama, akasema kwa kutambua mchango wa ndugu yetu natoa ahadi ya nakala hamsini. Vigelegele. Picha. Mpaka leo tukikutana naye tunasalimiana vizuri sana, anauliza na watoto.

Hivyo uzinduzi ulikula hela ya kitabu cha pili. Mimi nikaona isiwe tabu. Tuna mchezo wetu wa akina mama, kijumbe ni mimi. Nikatangaza, kila anayepokea wiki yake, kabla hajafunga kibindo ananunua diwani moja. Wakanunua wote mpaka mzunguko ukaisha. Waliosoma ni habari nyingine. Mmoja najua kaifungulia ukurasa wa mwisho kuangalia kama bei imeandikwa sawa na niliyomtoza.

MwanaChumbageni, kujuana ndiko kulikouza. Dai lako limekufa hapo.

#20 MwanaChumbageni

Mama heshima yako, lakini hao walinunua kwa sababu pesa ya mchezo ilikuwa mkononi mwako. Ungewasubiri nyumbani kwao?

#21 MamaKijumbe

Ndiyo maana nikawa kijumbe mwanangu.

#22 UstadhMakorora

Assalaam alaykum. Mmezungumza bei, mmezungumza maduka. Mimi naona mzizi uko mbali kidogo. Utungo kwetu ulikuwa wa kusikilizwa. Anayetaka kuwa nao anauazima, anaunakili kwa mkono wake, kwisha. Hakuna aliyeona kwamba karatasi ndiyo ya kulipiwa. Anayelipwa ni mwenye sauti, na analipwa hadharani. Nenda kwenye taarabu usiku wowote hapa mjini, mtazame anayekwenda kumtuza mwimbaji. Noti ya elfu kumi kaikunjua vizuri, anazunguka ukumbi mzima ndipo afike mbele. Elfu kumi hiyo hiyo kwenye kitabu nani atamwona akiitoa?

Nilipotoa mashairi yangu mama alifurahi, akakishika kitabu, akakirudisha. Herufi za kirumi hasomi. Anasoma Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni. Nikakaa nikamnakilia mashairi matatu kwa mkono. Baada ya isha kavaa miwani, kayasoma kwa sauti, majirani wakasogea barazani. Shairi la pili akasimama katikati, akahesabu silabi kwa vidole, akarudia, akahesabu tena. "Hapa umetia mizani tisa." Mbele ya watu wote. Nilikuwa nimeshachapa.

Hao majirani hakuna aliyenunua. Lakini mpaka leo nikipita wananisomea ubeti wa kwanza.

#23 BintiPangani

Ustadh umenikumbusha langu. Nilikuwa kwenye kivuko cha Pangani naelekea Bweni. Dada mmoja kakaa mbele yangu anasoma simuni, nikachungulia, hadithi yangu. Nikatulia nimtazame. Akacheka. Na kacheka pale pale nilipotaka mtu acheke, kwenye yule mjumbe anayejificha chini ya mtumbwi. Sikumsemesha. Tulipofika ng'ambo kila mtu akachukua bodaboda yake.

Nakala aliyokuwa anasoma ilikuwa ya wizi, nina hakika, maana haikuwa na jina langu. Nilifurahi na kukasirika kwa pamoja, sijui niliweke fungu gani.

#24 KaraniMstaafu

Kijana MwanaChumbageni, kitabu chako nimekisoma. Nilikinunua, nilikupitishia hela kwa jirani yako. Nimekipitia na kalamu nyekundu, ukikitaka nitakuletea.

Maandishi yako mazuri, hasa pale singa za mkonge zinapoanikwa. Lakini ukurasa wa 31 babu anapanda treni Dar es Salaam, anashuka stesheni ya Tanga. Mwaka ni 1954. Haiwezekani. Reli yetu ilikuwa inatoka hapa inakwenda Moshi na Arusha, na ile ya kati ilikuwa mbali nayo. Kiungo cha Ruvu na Mnyusi kilikamilika 1963. Babu huyo kapita kwenye reli ambayo haijajengwa.

Pia hukuitaja SILABU, lile shirika lililokuwa likiwaajiri vibarua wa mkonge. Riwaya ya manamba bila SILABU? Na ukurasa wa 77 umeandika "alitabasam".

#25 MwanaChumbageni

Mzee wangu, nashukuru kwa kununua. Lakini hii ni riwaya. Treni ni ya hisia. Msomaji anasikia moshi, anasikia magurudumu.

#26 KaraniMstaafu

Moshi ausikie mwaka 1963.

#27 KibaoKata

"Treni ya hisia" 😂 Hii naiba.

#28 MwalimuWaDuga

Hapa ndipo ninaposema mhariri, mhariri, mhariri. Mpiga chapa hasomi kazi yako, yeye anahesabu kurasa. Wengi mnalipia jalada kwa moyo mweupe, mhariri mnamwambia "pitia pitia tu". Watu wakikuta kosa ukurasa wa 31 wanawaambia wenzao, na habari hiyo inatembea kuliko tangazo lako. Labda ndiyo sababu vitabu havitoki, wala si binamu.

#29 MuuzaDaftari

Mwalimu, dukani kwangu kuna vitabu vimehaririwa mpaka vikang'aa. Vipo hapo hapo.

#30 MtuWaChai (mwanachama mpya)

Mimi ndiye binamu. Nimetumiwa uzi huu na watu watatu kabla sijatoka kazini.

Kwanza, nakala nilichukua ya kwangu kwa sababu nilifungua kitabu nikakuta nimo. Pili, nimefika ukurasa wa 140, ambako sidhani kama nyie mnaompongeza kwenye magrupu mmefika. Huyo babu ni babu yetu. Hakupanda treni yoyote. Aliletwa kwa lori, kila Iddi alikuwa anasimulia walivyolala chini ya turubai, na wewe ulikuwepo, ulikuwa unasinzia.

Tatu, na hili ndilo. Mke wa pili anayetoroka na dereva ni bibi yangu MIMI, mzaa mama. Umebadilisha jina tu, Mwanahawa umemwita Mwanaisha, unadhani Duga nzima hawatamjua? Na hakutoroka. Alipewa talaka yake, karatasi mama anayo. Elfu kumi na mbili nitakutumia leo, si tatizo. Bibi wewe utamlipa nini?

#31 MzeeWaRaskazoni

Nasogeza kiti.

#32 MwanaChumbageni

Ndugu yangu nipigie tuongee.

#33 MtuWaChai

Tumalizie hapa hapa. Hapa si ndipo uliponianika na chai?

#34 BintiPangani

Hii inatukuta wote, tusijifanye. Ukoo ukiona kitabu unaona mali ya familia imeuzwa bila kikao. Mimi mjumbe wa chini ya mtumbwi ni baba mdogo. Nilikwenda kumwambia kabla, nikachukua na kilo mbili za sukari. Alikataa, halafu akaniongezea mambo ambayo sikuyajua.

#35 MamaKijumbe

MtuWaChai mwanangu una haki, lakini usimtangaze bibi zaidi humu. Nendeni kwa mama mkubwa mkayamalize.

#36 UstadhMakorora

Bibi yu hai? Kama yu hai aombwe radhi yeye. Kama ametangulia, asomewe.

#37 MtuWaChai

Yu hai. Kasomewa sura hiyo jana, na mama. Kasema dereva hakuwa mnene vile.

#38 KibaoKata

Basi mimi nimeshinda kwa njia nyingine. Watu wanasoma wakiwemo wao tu. Mwandike orodha ya majina mtaa mzima, mtauza.

#39 KaraniMstaafu

Lori. Nilijua.

#40 FundiJalada

MwanaChumbageni, ukirekebisha lori na talaka usiguse mpangilio mwingine. Toa kurasa nne za mashangazi tufike 208. Na usitupe nakala za treni, kuna watu wataanza kuzitafuta.

#41 MzeeWaRaskazoni

Mimi naitafuta sasa hivi. Namba ya kulipia irudiwe, na niambiwe bibi anatoroka ukurasa wa ngapi.

#42 MtuWaChai

HAKUTOROKA.

118. Lakini anza 112, la sivyo hutaelewa dereva katokea wapi.